Mikono Minane ya Mpwa Wangu

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mtunza stoo wa ofisi ya upimaji, na sheria yangu ilikuwa mlango mmoja, mtu mmoja. Wakiingia wawili, koleo linapotea na kila mmoja anamtazama mwenzake. Nilipostaafu nikasoma kompyuta jioni, miezi kumi na minane, katikati ya vijana waliodhani nimekuja kumchukua mjukuu. Nilimaliza wa tatu. Sijisifu, cheti kipo ukutani.

Kwa hiyo mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alipoajiriwa kwa majaribio katika ofisi ileile, shida yake aliileta kwangu. Kazi ya kumpima ilikuwa kufungua furushi la ramani: faili moja kubwa lililobanwa, ndani yake vipande elfu tisini vya picha ndogondogo. Wapimaji wangeondoka saa saba mchana na vipande hivyo kwenye vishikwambi vyao. Vikiwa tayari, anathibitishwa kazini. Visipokuwa tayari, mkuu alikwisha kumwambia, asante na kwaheri.

Aliandika programu ya namna mbili. Moja ilitoa vipande kimoja kimoja, kwa mkono mmoja. Nyingine ilikuwa na mikono minane, yote ikiandika diskini kwa wakati mmoja. Tukazijaribu nyumbani kwangu. Mkono mmoja ulimaliza kwa dakika nne. Minane, dakika tatu na nusu.

"Umeona?" nikamwambia. "Vibarua saba wa ziada, faida nusu dakika. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

"Na kidole kimoja hakivunji chawa, Mjomba."

"Chawa umewaona wapi nyumbani kwangu? Tumia mkono mmoja."

Akatii. Adabu ikatuponza.

Siku yenyewe nilikwenda ofisini kushuhudia, shati limepigwa pasi. Alianza saa nne asubuhi. Kufika saa tano na nusu vilikuwa vimetoka vipande elfu thelathini tu. Dereva wa wapimaji, ambaye tangu zamani tunamwita Kobe kwa jinsi anavyoendesha, alikuwa ameegemea mlango.

"Mzee wa stoo," akaniita, "hizo ramani zinafunguliwa au zinachorwa upya? Maana mwendo huo hata mimi naupita."

"Si ushukuru umepata mwenzio?"

Akacheka. Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa amepiga hesabu pembeni mwa kalenda: kwa mwendo ule angemaliza saa nane na nusu.

"Diski mbovu," nikasema.

"Mpya, Mjomba. Ya mwezi uliopita."

"Basi kompyuta imechoka."

"Inaishinda yako mara tatu."

"Kwenye cheti hawakuandika la kufanya hapo?" Kobe akauliza.

Nikavaa miwani nikaisogelea skrini. Kila kipande kiliandikwa upesi, kisha kazi ikasita kidogo, kama mtu aliyesimamishwa njiani.

"Faili likifungwa, kinatokea nini?"

"Diski hii imepangwa kwa mfumo tofauti na wa kwako, kufunga faili kunachukua muda. Halafu kuna programu ya ulinzi. Inalipekua kila faili kama lina virusi. Mpaka lipite, mkono haushiki jingine."

Jambo hilo nililijua kuliko wote mle chumbani. Stoo yetu ilikuwa na walinzi sita getini. Ukimtuma kibarua mmoja, anashinda mikono juu akipekuliwa, na walinzi watano wanapiga miayo. Ukituma wanane, huyu akipekuliwa, yule anabeba. Kompyuta yangu haina geti. Mkono mmoja ulikuwa unakimbia utakavyo, ndiyo maana minane haikuongeza kitu.

Ila kulisema hilo kulinilazimu kusema na jingine, tena mbele ya Kobe. Nikakohoa. Nikafuta miwani isiyokuwa na vumbi.

"Mjomba, unataka kusema kitu?"

"Simamisha. Anza upya kwa mikono minane. Nilikosea."

"Nitupe elfu thelathini nzima?"

"Tupa. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

Alinitazama kidogo, akabonyeza. Namba zikaanza kukimbia hata Kobe akaacha mlango aje kuangalia. Saa sita na dakika kumi, kipande cha mwisho kikatoka.

Mkuu aliingia, akatazama saa, kisha skrini. "Nilipita hapa saa tano, kazi inajikokota. Nani alichagua njia ile?"

Mpwa wangu akafungua mdomo. Namjua, angejitwisha kosa. Nikamwahi.

"Mimi, mjomba wake. Hii ya mikono minane anayo tangu wiki iliyopita. Tuliijaribu kwenye kompyuta yangu, nikamkataza."

"Na wewe ni nani hapa?"

"Mtaalamu," akajibu Kobe. "Wa jioni."

Mkuu hakucheka. Akamwambia binti, "Siku nyingine jaribu kwenye mashine itakayofanya kazi, siyo ya mjomba." Akaitia sahihi barua yake ya kuthibitishwa kazini palepale.

Wapimaji walipoondoka, mpwa wangu alikuwa bado anaisoma barua ile, nadhani kwa mara ya nne.

"Mjomba, wiki ijayo ramani hizi naziweka kwenye diski za kubebeka. Mfumo wake mwingine kabisa. Unasemaje, mkono mmoja au minane?"

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza.

"Pima kwanza, halafu uniambie."

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Mjomba, unaumwa?"