Mahudhurio ya Mselem

Saa kumi alasiri Idarusi alikuwa ameshapepea mkaa, na birika lake la kahawa limeanza kutoa mvuke kwenye benchi la mbele ya fundi baiskeli, pale Pongwe. Wateja walikuwa watatu. Wanne ukimhesabu Mselem, aliyefariki mwaka uliopita. Idarusi alimhesabu. Alimpa kikombe na kipande cha kashata, akamwomba asogee mwisho wa benchi, maana kahawa ya Mselem humpita moja kwa moja ikachuruzika chini, na Masoud alikuwa amevaa kanzu safi.

Siku hiyo walibishania taarifa ya redio. Watetezi wa haki za binadamu walikuwa wamesema watu wanachukuliwa na hawarudi. Serikali ikajibu kuwa huo ni uzushi.

"Tuhuma si ushahidi," alisema Masoud, mtu ambaye akishika neno haliachii hata kwa koleo. "Waseme kachukuliwa nani, lini, na nani kaona."

"Mie," alisema Mselem. "Jumanne, pale kwenye nguzo ya umeme. Na weye uliona, ulikaa hapo hapo."

"Niliona gari jeupe lisilo na namba. Magari ya serikali yana namba."

Mselem alikiri kuwa hoja hiyo ina uzito. Alipenda ubishi tangu uhai wake. Ubishi ndio uliomponza, siku alipouliza mkutanoni kiwanja cha zahanati kauziwa nani.

Mkewe, Asmahani, hakuwa na hamu ya kubishana. Alitaka kukaa eda, miezi minne na siku kumi, amlilie mumewe kwa heshima kama wajane wenzake. Lakini kituo cha polisi waliandika kuwa Mselem amesafiri, na shekhe alitaka uthibitisho wa kifo. Alipoambiwa kuwa marehemu mwenyewe amekiri kufa, shekhe alifikiri kidogo, akasema mtu hawi shahidi wa jambo lake mwenyewe.

Kwa hiyo ilipokuja kamati ya kuchunguza tuhuma, Asmahani alifurahi kweli kweli. Alipika vitumbua sinia zima, akavipeleka shuleni, kwenye darasa lililofanywa ukumbi. Mselem alifika kwa wakati, upindo wa kanzu unadondosha maji ya chumvi. Mwenyekiti, Bwana Godlisten, mtu mpole wa miwani, alimpa kiti na gazeti la kutandika chini yake.

Kabla ya yote, karatasi ya mahudhurio ikazunguka. Pongwe hakuna kikao bila mahudhurio, hata kile cha harusi. Mselem aliandika jina lake, akaandika namba ya simu isiyopatikana tena, akatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama zamani, na Asmahani aliona fahari.

Mselem alieleza yote: gari, kitambaa machoni, mashua, jiwe. Pahali alipotupwa hakupajua, akaomba radhi kwa hilo. Watu walicheka aliposimulia jinsi watekaji walivyopotea njia ya Tongoni, ikabidi yeye, na kitambaa chake usoni, awaelekeze. Bwana Godlisten naye alicheka, akafuta miwani, akaendelea kuandika.

Baada ya mwezi ripoti ilitoka. Asmahani aliileta kwenye benchi, Masoud akaisoma kwa sauti.

"Tuhuma ya kutoweka kwa Mselem haiaminiki, kwa kuwa mhusika alihudhuria kikao mwenyewe na kutia sahihi. Tazama kiambatisho cha tatu."

Masoud aliikunja karatasi taratibu. Aliona aibu, akamrudishia Asmahani.

"Kwa hiyo?" aliuliza Mselem.

"Kwa hiyo u mzima."

"Alhamdulillahi," alisema Mselem, na kahawa ikachuruzika chini ya benchi.

Asmahani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, na mengine hayakuwa ya kicheko. Kisha akasimama. "Basi kama u mzima, twende nyumbani. Nimepika wali wa nazi."

Waliondoka pamoja wakizungumzia bati linalovuja. Walipofika kwenye nguzo ya umeme Mselem aliishia hapo, kama kila siku, na Asmahani akamalizia njia peke yake. Shekhe alikuwa amekaa barazani kwake.

"Shikamoo, shekhe."

"Marahaba. Mumeo hajambo?"

"Hajambo," alisema Asmahani. "Ninayo karatasi."