Ua la Kwanza

Mtaani walimwita Vidole, na hawakukosea. Kichwa ambacho msusi mwingine angekihangaikia kutwa, yeye alikimaliza huku anacheka na wateja, na umbea wote wa mtaa ameshaupata. Sasa mtu kama huyo umkalishe kwenye kochi, umpe sindano butu na kitambaa chenye vitundu kama wavu, umwambie atulie ashone ua. Si kumtafuta ubaya huko?

"Ua moja tu, mwanangu," mama mkwe wake alimwambia. "Likitoka vizuri, tutazungumza habari za geti."

Habari za geti zilikuwa hivi. Mume wa Vidole, dereva wa lori la mizigo, alikuwa ametangaza mezani kwamba kusuka vichwa vya watu sasa basi. Kisa? Kaamua yeye. Vidole akameza machungu. Lakini jana mwenye saluni akampigia: kiti chako bado nimekishikilia, ila usipofika kesho kabla ya saa sita mchana nampa mwingine, mimi siendeshi biashara kwa huruma. Kwa hiyo asubuhi, lori lilipoondoka tu, Vidole akaoga, akavaa gauni lake jepesi, akakimbilia getini. Kufuli. Ukuta nao mrefu, juu umepandwa vipande vya chupa. Na ufunguo wa kufuli lile siku zote hukaa mfukoni mwa sweta ya mama mkwe.

Ndiyo maana alikaa akashika sindano. Angefanyaje?

Nyumba yenyewe ilikuwa imevaa vitambaa kuliko watu wake. Kila kochi lina chake, kila stuli, redio, hata friji ilikuwa na maua mekundu kichwani. Vyote kazi ya mama mkwe, misalaba midogo midogo imepangwa sawasawa mpaka unajiuliza huyu mama macho anayatoa wapi.

"Kunja kitambaa mara mbili upate katikati," mama mkwe alielekeza. "Anzia hapo."

Vidole hakukunja kitu. Yeye kichwa hukianzia kisogoni, na kitambaa akakianzia pembeni, mbio mbio, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Petali ya pili ikagonga ukingo. Nafasi imekwisha, ua limebaki nusu.

"Fumua," alisema mama mkwe.

Akafumua. Akaanzia katikati, safari hii kwa adabu zote. Mama mkwe akakichukua kitambaa, akakigeuza nyuma, akakuta fundo.

"Hatufungi fundo. Ncha ya uzi inapitishwa chini ya mishono. Fumua."

Akafumua tena. Mara ya tatu kosa likawa kwamba msalaba mmoja umelalia kulia na mwenzake kushoto. Jamani, nani atakwenda kuchungulia msalaba umelalia wapi? Vidole alihisi chumba kinamkaba. Madirisha yana nondo, geti lina kufuli, na sasa hata uzi wenyewe haumruhusu kusogea mpaka uulizwe unalala upande gani. Alitamani kulia, akajikaza, akainamia kazi, kitambaa amekilaza mapajani, sindano inazama na kuibuka. Hakuinua tena kichwa.

Na ua likatoka. Dogo, jekundu, misalaba yote imelala upande mmoja. Hata yeye alilishangaa.

"Mama, tayari," alisema, akasimama.

Gauni likasimama naye. Alivuta kitambaa, gauni likapanda mpaka magotini. Alikuwa amelishona ua lote pamoja na gauni, petali kwa petali.

Mama mkwe alitazama gauni, akatazama kitambaa. "Fumua," alisema mwishowe, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Hapo maji yakamfika Vidole shingoni. "Sifumui. Nifungulie geti, mama. Nitakwenda hivi hivi, wanicheke wakitaka. Saa sita inafika."

"Sina ufunguo."

"Mama, nakuomba."

"Sina, mwanangu." Mama mkwe akageuza mfuko wa sweta nje. Mlikuwa na kitambaa cha pua, basi. "Ameondoka nao alfajiri. Kaninyang'anya, kaniambia nisikwambie. Nikaona aibu kusema mwanangu mwenyewe amenifungia ndani pamoja na mkewe. Nikasema nikupe kazi ya mikono, mchana upite."

"Kwa hiyo ungenifumulisha mpaka lini?"

"Mpaka uchoke kuuliza."

Vidole alikifinya kitambaa kiganjani. Alikuwa na hasira ya kutosha watu wawili, na aliyekuwa mbele yake hakustahili hata nusu yake. Aliangalia kochi, stuli, friji.

"Hivi vyote nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilijifundisha." Mama mkwe alilainisha kitambaa cha kochi kwa kiganja. "Baba wa mumeo naye alikuwa anaondoka na ufunguo."

Vidole hakungoja zaidi. Alishuka ngazi, kitambaa kinaning'inia mbele ya gauni, akapiga geti kwa viganja mpaka fundi wa mageti, mwenye banda ng'ambo ya barabara, akaja kuchungulia kwenye uwazi.

"Shemeji, kuna nini?"

"Nikatie kufuli."

Fundi alijikuna shingo. Alikuwa akinywa kahawa na mume wa Vidole kila jioni. "Kufuli la mtu sikati hivi hivi, shemeji. Mpigie bwana kwanza. Mwenye nyumba akikubali, hata sasa hivi."

Vidole aliegemeza paji la uso kwenye bati. Nyuma yake akasikia ndala zinakokotwa kwenye saruji, kisha mama mkwe yuko kando yake, anahema.

"Mwenye nyumba ni mimi," mama mkwe alimwambia fundi.  "Hati ina jina langu. Kata."

Fundi alimtazama, akaenda kufuata msumeno wake.

"Nenda mbele ya kioo uchane nywele," mama mkwe alimwambia Vidole. "Mimi natafuta viatu."

"Viatu vya nini, mama?"

"Vya kutokea. Sijui niliviweka wapi."