Upana wa Watu Wawili

Ejvind alitoka hospitali mwezi wa Machi na mfuko wa vidonge, pamoja na sharti moja lililomkera kuliko vidonge vyote: asilale chali tena. Moyo wake umechoka, daktari alisema, na akilala bapa maji yatapanda mapafuni. Alale ameinuliwa kwa mito mgongoni, nusu amekaa. Kuhusu kusafiri kwa tanga, daktari, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa visiwani, alitazama dirishani kidogo kisha akasema hakatazi, mradi mgonjwa asivute kamba nzito na asiwe peke yake.

"Tangu lini nimekuwa peke yangu?" Ejvind akauliza, akimwonyesha mkewe kwa kidole gumba.

Jytte alitabasamu tu. Alikuwa amefanya kazi ya ukunga kisiwani Ærø kwa miaka thelathini na minne. Madaktari wengi walikuwa wamesema "sikatazi" mbele yake, na alijua neno hilo husemwa wakati gani.

Mashua yao iliitwa Ternen, jina la ndege mweupe wa baharini mwenye kofia nyeusi. Urefu wake haukufika mita nane. Ejvind, aliyekuwa fundi wa mitambo ya feri, aliiunda kwa mikono yake majira sita ya baridi, ndani ya ghala la baba mkwe wake, kati ya trekta na magunia ya mbegu. Kitanda aliweka omo, pale mashua inapochongoka: kichwani kuna upana wa kutosha, miguuni hakuna hata nafasi ya kukunja kidole. Kwa miaka thelathini na moja walilala humo kila kiangazi, miguu imesongamana kwenye ile ncha. Walikuwa wamelala humo hata siku walizogombana, na ugomvi haukufika mbali kwa kuwa miguu haikuwa na pa kwenda.

Mwezi wa Mei walitweka tanga kwenda kisiwa cha Drejø, safari ya saa tatu tu. Upepo ulikuwa mwanana, Jytte akashika usukani, Ejvind akakaa amejifunika blanketi akilalamika kwamba tanga la mbele limelegea. Walikula mkate mweusi na samaki aliyekaushwa kwa moshi, wakanywa kahawa, wakaingia kulala jua likiwa bado halijazama.

Ilikuwa kazi. Dari la omo lilikuwa chini mno. Mito mitatu ilipowekwa, paji la uso la Ejvind likawa linagusa mbao. Alitoa mmoja. Akatoa wa pili. Kabla saa moja haijapita alizinduka akihema kama mtu aliyetolewa majini, mikono inatafuta pa kushika. Jytte alimshika mabega akamkalisha.

"Pole pole, Baba. Vuta kwa pua." Tangu binti yao Vibeke azaliwe, walikuwa wakiitana Baba na Mama.

"Nenda kalale," alisema alipopata pumzi. "Mimi nitakaa kwenye benchi."

Benchi lilikuwa katika chumba cha katikati, upande wa kulia, na upana wake ulimtosha mtu mmoja mwembamba. Ejvind aliegemeza mgongo kwenye ukuta wa mbao akanyoosha miguu. Jytte alibaki omo peke yake kwenye kitanda ambacho sasa kilikuwa kikubwa kuliko alivyowahi kukijua. Hakupata hata lepe la usingizi. Maji yalikuwa yakipiga ubavu wa mashua, na kila alipotega sikio kusikia kama mumewe anapumua alisikia maji tu. Aliinuka mara tano kwenda kumtazama. Mara ya tano Ejvind akasema bila kufumbua macho, "Bado nipo, Mama."

Safari iliyofuata Jytte alijaribu sakafu. Alitandika mfuko wa tanga kando ya benchi, akalala mkono wake umeshika soksi ya mumewe. Asubuhi nyonga ilikuwa imekaza hata hakuweza kusimama, na Ejvind, aliyekatazwa kuinua vitu vizito, hakuweza kumwinua. Walitazamana, mmoja chini, mmoja juu. Mwishowe Jytte alitambaa hadi kwenye ngazi, akajivuta kwa mikono.

"Basi," Ejvind alisema waliporudi nyumbani Marstal. "Tuiuze. Vibeke anasema hivyo kila siku, na ni kweli. Tununue karavani ya kuvutwa na gari, tuegeshe mahali, tutazame bahari kama watalii."

"Wewe kwenye karavani utakufa kwa kununa kabla moyo haujakuua."

"Nitakufa nimelala vizuri."

Kesho yake Jytte alikwenda kwa Hemming, fundi wa mashua, mtu wa maneno machache, akamwomba aje kuipima Ternen. Hemming alikaa ndani nusu saa na futi yake ya mbao. Alipotoka alisema pana njia moja tu. Benchi la kulia lirefushwe kuelekea tezi, nyuma ya mashua, lipanuliwe kwa mbao za kuvuta hadi katikati ya chumba, na upande wa kichwani uinuliwe kama mteremko. Watu wawili watatosha, na pale dari liko juu.

"Lakini mbele yake ipo meza ya ramani," alisema. "Lazima itoke. Na kabati lililo chini yake."

Jytte alijua hilo ndilo gumu. Ile meza Ejvind aliichonga kwa mninga mwekundu wa ile feri ya kwanza aliyoifanyia kazi, siku ilipovunjwa. Haikuwa na msumari hata mmoja. Droo zake ziliingia na kutoka bila sauti, na kila mgeni aliyepanda Ternen alionyeshwa droo hizo kabla hajapewa kahawa.

Alimweleza jioni, wakila. Ejvind aliweka uma chini.

"Umempeleka Hemming kwenye mashua yangu bila kuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Mnataka kunitengenezea kitanda cha hospitali humo ndani. Mnipandishe mgongo, mnitandikie shuka, mkae pembeni mnasubiri." Uso ulimwiva. "Sikuiunda ile mashua iwe wodi."

"Baba, shusha sauti, moyo."

"Usinitajie moyo!"

Jytte alisimama. Katika miaka yote ya ukunga alikuwa amepigiwa kelele na wanawake wenye uchungu na waume wenye hofu, na hakuwahi kuwajibu hata mmoja. Safari hii alijibu.

"Nani kakuambia kitanda ni chako?" alisema. "Ni changu. Wewe unasinzia popote, hata kwenye kiti cha kanisani. Mimi ndiye nisiyelala. Tangu Machi silali, Ejvind. Hapa nyumbani nahesabu pumzi zako mpaka alfajiri. Kule baharini hata kuhesabu siwezi, kwa sababu kuna ukuta katikati yetu. Nataka nilale pale ninapoweza kukugusa. Basi. Ukitaka meza, kaa na meza."

Alikuwa amemwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alitoka akaenda kusimama bustanini. Alipoingia, sahani zilikuwa zimeoshwa na Ejvind hayupo mezani. Alikuwa kwenye karakana, anatia makali msumeno.

"Hemming haigusi," alisema bila kugeuka. "Kama ni kukatwa, nitaikata mimi."

Hakuweza kuikata peke yake. Msumeno ulipita mara kumi, akakaa chini, midomo imegeuka rangi. Jytte akaushika. Ejvind alishikilia ubao usitetemeke na kumwelekeza mahali pa kupita, naye alifuata mstari wa penseli huku vumbi jekundu likimwangukia magotini. Droo ya mwisho ilipotoka, Ejvind aliifungua na kuifunga hewani mara mbili, akaiweka juu ya gati. Alikwenda kukaa kwenye sitaha mgongo akimpa, na Jytte hakumfuata.

Kazi ilichukua wiki tatu. Hemming alileta mbao za kuvuta, Ejvind akazipiga randa mbili mbili kwa siku, akipumzika kila baada ya moja. Jytte alikata sponji na kushona magodoro kwa kitambaa cha buluu, kwa cherehani ya mama yake. Mteremko uliwapa taabu. Wa kwanza ulikuwa mkali, wakajikuta wanateleza wote hadi miguuni. Wa pili ulimuumiza Ejvind shingo. Walijaribu mashua ikiwa imefungwa gatini, mchana kweupe, wamelala na viatu, na jirani aliyepita na mbwa wake akachungulia.

"Mmeanza mapema leo!"

"Tunapima!" Ejvind akafoka.

"Ndivyo inavyoitwa siku hizi?"

Jytte alicheka hadi machozi yakamtoka, na Ejvind, baada ya kujizuia kidogo, akacheka pia, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

Likabaki suala la nani alale wapi. Vidonge vilimwamsha Ejvind mara tatu au nne kila usiku kwenda haja, kwa hiyo lazima yeye awe upande wa nje. Jytte angelala ubavuni mwa mashua, penye baridi na unyevu. Alibandika zulia ukutani kuzuia umande, akasema panatosha.

Katikati ya Juni walikwenda Birkholm, kisiwa ambacho watu wake wangeenea katika chumba kimoja. Walitia nanga nje ya bandari. Walivuta mbao, wakatandika, Ejvind akapanda kwanza akaegemea. Jytte alipita juu yake kwa magoti.

"Unanikanyaga, mwanamke."

"Sogea basi."

Alilala ubavu, mkono juu ya kifua cha mumewe. Kifua kilipanda na kushuka chini ya kiganja chake. Alikusudia kuhesabu hadi mia. Alifika kumi na kitu.

Alipozinduka jua lilikuwa juu, na Ejvind alikuwa bado amelala, mdomo wazi, rangi nzuri usoni. Jytte alitaka kutoka lakini hakukuwa na njia isipokuwa juu yake. Akabaki, kibofu kinamuuma, hadi saa tatu kasorobo.

Walisafiri wiki kumi kiangazi kile, na wiki tano kilichofuata. Mwezi wa Februari baada ya hapo, Ejvind alifariki nyumbani, mchana, amekaa kwenye kiti chake na gazeti mapajani. Jytte alikuwa jikoni. Alipoingia na kahawa alijua kabla hajaweka kikombe chini.

Vibeke alitaka mashua iuzwe mara moja. Mama yake alisema asubiri. Mwezi wa Mei Hemming aliishusha majini, na Jytte akaenda kulala humo usiku mmoja, gatini tu, kamba zote zimefungwa. Alibeba vidonge vya usingizi na kitabu, akijua atakesha.

Alilala saa tisa mfululizo, bila kumeza hata kidonge kimoja. Alipoamka aliona haya, kama mtu aliyeshikwa na usingizi kwenye mazishi. Alikaa kitandani muda mrefu, shuka imemzunguka. Kisha akavaa akaenda kwenye simu ya bandarini.

"Umelalaje, Mama?" Vibeke akauliza.

"Vizuri," Jytte akasema. "Nimelala vizuri sana." Na hapo, amesimama mbele ya wavuvi wawili waliosubiri zamu yao ya simu, ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Februari. Wavuvi walivua kofia, wakageuka kutazama maji.