Bi Mwatum Aenda Tumbe kwa Pikipiki

Mke wangu Masika ndiye aliyelianzisha jambo hili, lakini lawama zote nilipewa mimi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili. Nilikuwa fundi wa baiskeli na vyarahani pale Kengeja, kusini mwa Pemba, na kila mtu akinijua kwa jina la Fundi Jaribu. Mpima ardhi mmoja, alipohamishwa kutoka kisiwani, aliniachia pikipiki yake mbovu iliyokuwa imelala bandani miaka miwili, kuku wakitaga juu ya kiti chake. Ilikuwa ndogo, na injini yake haikuzidi dafu. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga, nikaifungua tena. Siku ilipowaka, jirani walitoka majumbani mbio, wakidhani mnazi umeangukia paa la bati.

Masika alikuwa mlangoni akitazama. Akasema, "Basi sasa utampeleka mama Tumbe."

Mama yake, Bi Mwatum, alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake Bi Siti, aliyeolewa Tumbe, kule mwisho wa kisiwa upande wa kaskazini. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na minane. Si kwa ugomvi. Mume wa Bi Mwatum alipooza mwili, na kwa miaka yote hiyo mkewe hakulala nje ya nyumba hata usiku mmoja. Mzee alipofariki na eda ikaisha, tulimpandisha gari la abiria. Harufu ya petroli na mtikisiko vikamtapisha kabla hajafika Mtambile. Akateremka, akarudi kwa miguu, akaapa kuwa hapandi tena chombo chenye paa.

"Pikipiki haina paa," Masika alimwambia.

"Yarabi! Mie nimkamate mkwe wangu kiuno, watu wananitazama? Afadhali nife sijamwona Siti."

Na mimi, kusema kweli, nilikuwa na haya kuliko yeye. Tangu nimuoe Masika, sikuwahi kula sinia moja na mama yake. Tukaenda kumuuliza Mwalim Hija, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani.

"Mkwe ni maharimu wako, Bi Mwatum," alisema. "Kusafiri naye hakuna neno. Hizo haya zenu, zimalizeni wenyewe."

Bi Mwatum alizimaliza kwa namna yake. Asubuhi ya safari alitoka na mto wa sufi, mkubwa kama mbuzi aliyelala.

"Huu utakaa kati yetu," alisema. "Mie ntaukumbatia huu. Na wee usigeuke nyuma."

Nikaufunga mto kwa kamba. Nikafunga na mkeka, sufuria mbili, birika, kikapu cha muhogo, pishi ya karafuu, tetea wawili kwenye tenga, na mkungu mzima wa ndizi mkono wa tembo. Buibui lake alilikunja na kulifunga kiunoni ili lisimezwe na mnyororo. Akapanda, akasoma alizozisoma. Nilipoitia gia, gurudumu la mbele likanyanyuka juu kama mtu aombaye dua, na Bi Mwatum akateremkia nyuma, kwa miguu yake, bila kutaka. Jirani wote walicheka. Ikabidi ndizi zihamie mbele, juu ya usukani. Safari ya pili tukaondoka kweli, huku Masika akitupungia kanga.

Ukiwa kwenye pikipiki dhaifu ndipo utakapojua kuwa Pemba ni vilima vitupu. Kwenye kila mlima nilisema, "Mama, teremka kidogo." Akateremka, akasukuma kwa mkono mmoja na mwingine ameshika tenga la kuku. Mlima wa tatu hakungoja kuambiwa. Juu ya mlima ule tukapanda, nami nikaiacha pikipiki ijiteremkie yenyewe. Upepo ukavuma masikioni, sufuria zikalia, na nyuma yangu nikasikia kwikwi. Nikafunga breki kwa hofu.

"Mama, unalia? Umeumia?"

"Nani analia?" Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na machozi ya kicheko yakimtoka. "Umesimamia nini? Hebu enda!"

Siku ile tulilala Chake kwa ami yake Masika. Usiku mzima kupitia ukutani nilimsikia Bi Mwatum akiwahadithia wenyeji wake juu ya miteremko, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyetoka hija.

Siku ya pili ndiyo iliyotupiga. Ilikuwa msimu wa karafuu, na kandokando ya njia watu wameanika karafuu juu ya majamvi, nyekundu tupu, harufu imejaa hewani. Nilikuwa nikipita pole pole ili nisiyakanyage. Hatukuwa mbali na Wete mvua iliposhuka ghafla, bila hata wingu la kutuonya. Udongo wa Pemba ukilowa huwa kama sabuni. Gurudumu la nyuma likaenda njia yake, la mbele likaenda njia yake, na sisi tukaenda mtaroni. Nilipoinua kichwa nilikuwa chini ya ndizi. Tetea mmoja alikuwa akikimbilia migombani.

"Mama! Mama!"

Hakuwapo mtaroni. Nilimwona ng'ambo ya njia, buibui lina matope hadi mabegani, ameinama pamoja na mwanamke nisiyemjua, wanakunja jamvi la karafuu lisilowe.

"Njoo shika huku!" aliniita. "Riziki za watu hizi!"

Nikaiacha pikipiki imelala. Tulikunja majamvi kumi na moja, tukayakimbiza ukumbini. Mwenye shamba alikuwa Bi Thuraiya binti Nassor, mjane Mwarabu wa Kimanga. Mashamba ya wazee wake yalikwisha kugawika, akabakiwa na kipande kile na nyumba ya mawe iliyokuwa ikivuja. Wachumaji wake walikuwa wamekwenda zao adhuhuri. Alitutazama tulivyokuwa tukichuruzika maji, akatazama na pikipiki kule mtaroni.

"Nyinyi mmetoka wapi?"

"Kengeja," Bi Mwatum alijibu.

"Kwa kile?"

"Kwa kile. Na huyu ni mkwe wangu."

Bi Thuraiya akaketi juu ya gunia, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaamka, akampa Bi Mwatum kanga kavu, akatupikia wali na mchuzi wa kuku. Kuku huyo alikuwa tetea wetu mwenyewe, aliyekamatwa migombani, na Bi Mwatum ndiye aliyesema achinjwe. Tulilala pale.

Asubuhi pikipiki ilikuwa nzima ila kanyagio moja limepinda, nikalinyoosha kwa jiwe. Mto wa sufi ndio uliokufa. Ulikuwa umekunywa maji usiku kucha, na sisi wawili hatukuweza kuunyanyua. Bi Thuraiya akasema atauanika, sufi yake ataijazia godoro. Nikafunga mizigo mingine yote. Pakabaki pengo kati ya kiti changu na cha nyuma. Nikalitazama pengo lile, kisha nikatazama miti.

Bi Mwatum akapanda. Nikaitia gia. Tulipofika kwenye shimo la kwanza nikahisi mikono miwili ikinishika mabega, kwa nguvu, kama ya mtu avukaye mto.

"Tazama mbele, mwanangu," alisema.

Mpaka siku ile alikuwa akiniita "mkwe". Nilitazama mbele. Njia niliiona vibaya kidogo kwa muda, lakini haikuwa mvua.

Tulipita Wete, tukapita Konde, jua limetoka na majani yanang'aa. Bi Mwatum akawa anawasalimu watu wote njiani, na waliokuwa mashambani wakiinuka kujibu sisi tumekwisha pita. Karibu na Tumbe injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikafungua tangi, nikachungulia. Hamna hata tone.

Wachuuzi wa samaki walikuwa wakitoka diko, pale pwani panaposhushwa samaki, na baiskeli zao, matenga yamejaa nyuma. Mmoja wao, Hashil, kijana mrefu mwenye sauti ya adhana, akauliza tunakwenda kwa nani. Tukamwambia.

"Kwa Bi Siti? Huyo ndugu yake wa Kengeja anayemtaja kila siku ndiye huyu?"

Hakungoja jibu. Wakageuza baiskeli, wanne kwa idadi. Wawili wakatusukuma kwa mkono huku wakiendesha, wawili wakatangulia wakipiga kengele, na Bi Mwatum amekaa juu wima, birika mkononi. Hivyo ndivyo tulivyoingia Tumbe.

Bi Siti alikuwa uani akipara samaki. Akainua macho kwa zile kengele, akamwona mwanamke mwenye matope mpaka kwenye nyusi. Hakumjua.

"Siti," Bi Mwatum alisema. "Ni mie, Tumu."

Kisu kikaanguka. Bi Siti aliinuka, akamshika dada yake uso kwa mikono miwili iliyojaa magamba, akamgeuza huku na huku, akaanza kulia kwa sauti. Kisha akaona pikipiki, akaacha kulia. Akauliza, bado amemshika uso, "Umekuja na hicho?"

"Hicho hicho, njia nzima. Na ndizi nimekuletea."

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Magamba ya samaki yalibaki mashavuni mwa Bi Mwatum yakimetameta mpaka magharibi, na hakuna aliyethubutu kumwambia ayafute.

Nilikusudia kukaa Tumbe siku mbili, nikakaa tisa. Gari la samaki lilituletea petroli kutoka Wete, na siku ya nne, bahari ilipokupwa na mchanga wa pwani ukawa mgumu kama sakafu, Bi Siti alidai naye apandishwe. Nilidhani nitamchukua mimi.

"Wee kaa," Bi Mwatum aliniambia. "Nimekutazama siku tatu. Ntamchukua mie."

Nilishika keria, nikakimbia nao hatua ishirini, nikaachia. Wakaenda wenyewe, vikongwe wawili kwenye pikipiki moja, mitandio ikipepea, wakipiga vigelegele. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha jinsi ya kusimama. Walizunguka duara kubwa, wakaelekea baharini, wakaingia majini hadi injini ikazama. Nilipowafikia walikuwa wameketi ndani ya maji mpaka kiunoni, wameshikana mikono, hawawezi kusema kwa kucheka.

Kuikausha ile injini kulinichukua siku nzima. Nilikaa ufukweni nikipangusa plagi, watu wa Tumbe wamenizunguka, na kila aliyefika Bi Siti alimsimulia upya, akimalizia kwa kuninyooshea kidole: huyu fundi ndiye aliyesahau kumfundisha dada yake kusimama.