Kapasita ya Mwenyekiti Kuroiwa

Kuroiwa alikuwa mwenyekiti wa klabu ya redio kwa miaka kumi na tisa, na sasa hata kiti kilianza kufanana naye. Lakini mwezi uliopita redio aliyoiunda mwenyewe ilihama masafa katikati ya hotuba, wanachama wakabaki wanaifukuzia sauti yake hewani kama kuku aliyetoroka. Jumapili hii angejaribu tena. Ikihama tena, kiti ni cha makamu wake, Tadokoro.

Basi akaenda Akihabara, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, kibandani kwa Mama Shiomi, akaomba kapasita, kile kidude cha kutunza chaji ndani ya redio, iliyo kubwa kuliko zote.

"Ya kupikia wali?" akauliza Mama Shiomi. "Kwa saketi ya kuzalisha mawimbi, baba, chukua hii ndogo. Haibabaiki na joto. Na miguu yake ya waya uikate iwe mifupi kabisa. Ukiiacha mirefu, ikitikisika tu masafa yanahama."

"Niikate? Na nikitaka kuitumia kwingine je?"

"Haya, iandike kwenye wosia."

Alinunua hiyo ndogo. Nyumbani akashika mkasi, akaitazama ile miguu inavyong'aa, roho ikamuuma. Akaiunganisha mirefu vilevile, kapasita ikasimama kama korongo.

Jumapili akaingia hewani kwa sauti nzito: "Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima kubwa."

Akainama kama inavyompasa mtu mwenye adabu, ingawa alikuwa peke yake chumbani. Paji la uso likagonga meza, korongo akayumba, sauti ikaenda zake.

Alipoinua kichwa, kwenye spika Tadokoro alikuwa anawashukuru wanachama kwa kumpa kiti.