Swali la Kilo Nne na Robo

Usiku wa jana niliota kuwa ni saa nne asubuhi, Jumamosi, na mimi niko dirishani kama kawaida. Dirisha ni la stoo ya chakula ya mtaa wetu, hapa Njombe, kwenye chumba kilichokuwa cha mashine ya kusaga. Foleni imefika barabarani. Hakuna anayekohoa.

Stoo yetu haina mwajiriwa hata mmoja. Wenye maduka wanaleta makopo yaliyobonyea, wakulima wanaleta viazi na maharage, na sisi tunaojitolea tunachambua na kufunga mifuko Ijumaa, tunagawa Jumamosi. Masharti yako ukutani kwa rangi ya bluu. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Kila kinachotoka dirishani kipimwe. Kilichotoka hakirudi kwenye shelfu. Sharti la mwisho, Mzee Mwalongo, msimamizi wetu, aliliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine yote: MTU ASIULIZWE KWA NINI AMEKUJA.

"Shikamoo, bibi," namwambia wa kwanza kwenye foleni.

"Gramu nane," inasema mizani.

Naitazama. Ni mizani ile ile ya sahani, yenye kutu mguuni.

"Gramu nane za nini? Sijaweka kitu."

"Za shikamoo. Imetoka dirishani, nimeipima." Kisha inashusha sauti, kama karani aliyekuta kosa la mtu anayemheshimu. "Sekela, kuna kitu chako kilitoka wiki tatu zilizopita bila kupimwa."

Nakijua. Siku hiyo Mwalimu Mgaya, aliyenifundisha darasa la tatu, alifika dirishani akiwa na kadi namba kumi na saba. Mimi na mdomo wangu nikamwambia, foleni nzima ikisikia, "Ha! Na wewe, Mwalimu? Si una mtoto mkubwa wizarani?" Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka. Akasema alikuwa anapita tu kutusalimia, akarudisha kadi, akaenda zake. Hajaonekana tena.

"Swali lile lina kilo nne na robo," inasema mizani. "Mfuko wake ulikuwa na kilo tatu. Mfuko aliuacha. Swali aliondoka nalo."

Nageuka nimchukulie bibi mfuko wake, kazi iendelee. Mfuko hautoki. Nauvuta kwa mikono miwili. Umeng'ang'ania shelfu kama jino kwenye ufizi. Najaribu wa pili. Nao vivyo hivyo.

"Toa wa zamani kwanza, Sekela."

Ni Mzee Mwalongo. Amekaa shelfu ya juu katikati ya makopo ya nyanya, miguu ameikunja vizuri, na kwenye paji la uso amebandikwa lebo yenye tarehe aliyoanza kujitolea.

"Shikamoo, Mzee. Nani amekuweka huko?"

"Marahaba. Sijawekwa. Nasubiri zamu yangu. Mbele yangu kuna huo."

Mwisho wa shelfu ya chini kuna mfuko namba kumi na saba. Umegeukia ukutani. Unapumua.

Nachungulia nje. Foleni imesogea karibu, na sasa nawaona vizuri. Kila mmoja amekumbatia kiroba kitupu, na kila mmoja ameshonwa mdomo kwa uzi ule ule tunaofungia viroba. Bibi wa kwanza naye. Mishono yake imenyooka sana.

"Wamefanywa nini?"

"Wamejishona wenyewe," inasema mizani. "Baada ya Mwalimu, wameona bora waje wakiwa tayari. Ukiwauliza, hawana pa kutolea jibu."

"Na chakula watakula vipi?"

"Hilo nalo ni swali. Gramu mia sita. Harakisha, viazi vinaoza saa sita kamili."

Naubeba mfuko. Ni mzito, maana umelala. Nafungua mlango wa stoo na kuingia jikoni kwa Mwalimu Mgaya, ambako ni darasa letu la tatu B. Madawati yamepangwa. Ubaoni imeandikwa tarehe ya kesho. Mbele, palipokuwa na meza yake, kuna mafiga matatu na sufuria moja, na Mwalimu anachochea kuni kwa rula.

"Umechelewa," anasema bila kugeuka.

"Nisamehe, Mwalimu. Unapika nini?"

"Ulichonipa. Leo wiki ya tatu. Hakiivi."

Ndani ya maji kuna kitu cha kijivu, laini kama jiwe la mtoni. Kila maji yanapokigeuza, kinasema kwa sauti yangu, na kicheko changu kimo humo humo: "Na wewe, Mwalimu? Na wewe, Mwalimu?"

"Kitoe, upike kingine. Nimekuletea maharage."

"Nikitoe nikiweke wapi? Hiki si kitu cha kumtupia hata mbwa."

"Basi nipe nikirudishe stoo."

Mfuko unaamka mikononi mwangu. "Kilichotoka hakirudi kwenye shelfu," unasema, kisha unalala tena.

Mwalimu anageuka. Amekonda mpaka miwani yake imekuwa mipana kuliko uso.

"Nani alikileta?"

"Mimi."

"Basi kaa. Sahani ile pale."

Nakaa kwenye dawati langu la zamani, magoti yananigonga kidevuni. Ananipakulia kitu kizima. Nakitafuna. Hakina chumvi. Kinakwangua meno kama changarawe kwenye wali, na kinapofika kooni kinajigeuza. Sasa kinaniuliza mimi.

"Na wewe, Sekela?"

Hakipandi, hakishuki. Mwalimu amesimama na chaki nyekundu, anasubiri, kama alivyokuwa akisubiri nikikwama kwenye tebo ya saba. Kwenye madirisha ya darasa foleni imejipanga na midomo yake iliyoshonwa. Inanitazama.

"Na mimi nimekula cha dirishani," nasema. "Mama alipougua, miezi kumi na minne. Nilikuwa nakuja wa mwisho ili nisionekane. Mzee Mwalongo ananipa mfuko, ananiambia, 'Msalimie mama.' Hakuniuliza kitu, hata siku moja. Nilipokuona kwenye foleni, Mwalimu, nilitaka watu wajue kuwa mimi siku hizi niko upande wa ndani."

Kinashuka.

Nje nasikia visauti vidogo. Ni nyuzi, zinakatika moja moja.

Mwalimu anasuuza sufuria, anabandika maji, anafungua mfuko na kumimina maharage. Kisha anaushika mkono wangu, anakunjua vidole, na kwenye kiganja anaweka alama ya vema kwa ile chaki nyekundu.

"Ukitoka funga mlango," anasema. "Tusiupoteze moshi."

Nimeamka saa kumi na mbili. Nje, Mama alikuwa anafagia, anaimba. Kiganjani mwangu kulikuwa na alama ya vema, nyekundu. Nimeisugua kwa kanga, haikutoka.

Stoo nimemkuta Mzee Mwalongo anahangaika na kufuli kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anakwangua gundi kwenye paji la uso.

"Sijui nimelalia nini," akasema.

Mfuko namba kumi na saba ulikuwa mwisho wa shelfu ya chini. Ulitoka bila kuvutwa.

Kwa Mwalimu Mgaya nimebisha hodi mara moja. Alipofungua nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Gramu nane. Nikamnyooshea mfuko na sikuongeza neno.

Akakitazama kiganja changu.

"Marahaba," akasema. "Hiyo nilishasahihisha. Lete maharage, maji yamechemka."