Sahani ya Mwanarusi

Twaiba hakumchukia jirani yake Mwanarusi. Alichukia vitumbua vyake tu, vilivyokuwa vikiisha watu wanapotoka tu msikitini alasiri, ilhali vya Twaiba vikibaki beseni zima na mwisho wake vikaliwa na kuku. Pale kijijini Munje, mwezi wa Ramadhani, hilo ni pigo.

Basi akasema. Hakusema mengi: kwamba amemwona Mwanarusi akiunong'oneza unga kabla ya kukaanga, na mwenye akili ajiulize ananong'ona na nani. Haikupita wiki, Mwanarusi akawa anapepea nzi.

Twaiba alifurahi, haya tusimfiche. Akakaanga maradufu. Hakuja mtu. Lo! Kumbe Munje walikwisha kukata shauri: kitumbua kimoja kikiwa na jini, vyote ni vya shaka. Hata futari za kupelekeana zikakoma. Sahani zikalala kabatini, kila mtu akala chake mlango umefungwa.

Magharibi moja Twaiba akasikia hodi. Alikuwa Mwanarusi, na sahani iliyofunikwa kawa.

"Futari, jirani. Naona jikoni kwako kimya."

Vitumbua vya moto. Twaiba akavila vyote, na utamu wake ukamuuma.

Sasa, sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo hata mchawi analijua. Naye Twaiba hakuwa na kitu ila vitumbua vyake, vigumu kama kokoto. Kesho yake akavipeleka, wanawake wa mtaa wakimtazama kutoka baraza ya ng'ambo. Adhana ya magharibi ikalia. Mwanarusi akachukua kimoja pale pale mlangoni, midomo ikanong'ona: bismillahi. Akatafuna. Akatafuna sana.

"Hukungoja unga uumuke, Twaiba. Una haraka wewe. Kesho njoo tupike pamoja."

Twaiba angeweza kunyamaza, hakuna aliyemuuliza. Aibu ikamzidi.

"Hakuna jini!" akasema, akiigeukia ile baraza. "Alikuwa akipiga bismillahi. Jini ni mimi. Niwieni radhi."

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyebisha.

Kesho yake wakapika jiko moja, wanunuzi wakarudi. Vya Mwanarusi vikaisha kwanza, kama kawaida. Twaiba akaumia kidogo. Kisha akainua beseni lake, akammiminia jirani yake nusu, wateja wa Mwanarusi wasirudi mikono mitupu.